Chumba cha Wakalimani

Habari za kifo cha Bi Rukia zilinikuta nyumbani Kilifi nikiosha mchele. Nafisa, bintiye, hakuzungusha maneno. "Dada Sidi, mama ametutoka alfajiri. Mazishi ni leo adhuhuri." Kisha akangoja nijibu, nami nikabaki na simu sikioni, maji yakinichuruzika hadi kiwikoni. Nimefanya kazi ya ukalimani mahakamani hadi nikastaafu, nimesema maneno ya watu wasiohesabika, na asubuhi ile sikuwa na neno hata moja la kwangu mwenyewe. Nilipofika Malindi wanaume walikuwa wameshatoka na jeneza. Wanawake walikuwa wamejaa mikekani chumba cha mbele hadi ujiani, udi ukifuka, na bibi mmoja aliyenisogezea nafasi ubavuni mwake akaniuliza taratibu, "Na wewe, mwanangu, u nani wake marehemu?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja. Akaitikia kwa adabu, akageukia wengine, akiwatafuta walio wa damu. Sikumlaumu. Hata watu wasioamkiana hufanya kazi pamoja. Lakini nilipokaa pale nikisikiliza dua zikisomwa kwa sauti za chini, nilirudi kwenye mwaka wangu wa kwanza kazini, mwaka ambao nisingeuvuka bila mwanamke yule, na ambao hata hivyo kwa sehemu kubwa niliupitisha peke yangu.

Niliajiriwa kuwa mkalimani wa Kigiriama katika mahakama moja ya upande wa Malindi. Sitaitaja jina, kwa kuwa baadhi ya niliofanya nao kazi wangali hai na hawakuniomba niwaandike. Nilikuwa msichana wa Mariakani, niliyezoea ngurumo za malori na kelele za soko, na upande ule sikuwa na mtu. Nilipanga chumba Maweni, katika nyumba ndefu yenye ujia katikati na milango pande zote mbili, jiko likiwa uwani. Mwanzoni walinipokea vizuri. Mwenye nyumba, Mama Fatma, aliniletea bakuli la mbaazi za nazi zingali zafuka moshi, na mahamri yamefunikwa kitambaa juu yake. Wapangaji wenzangu walinikaribisha uwani tukapika pamoja. Kisha ikajulikana nafanya kazi wapi. Mpangaji wa mlango uliokabiliana na wangu, mama aliyekuwa akinichekesha sana, akaanza kuniuliza juu ya kesi ya nduguye: hakimu yukoje, mashahidi gani wamebaki, nami je, siku hiyo nitakuwepo? Nilimwambia siruhusiwi kuzungumzia kesi. Hakukasirika. Aliacha tu kunichekesha. Wengine nao wakawa wananyamaza nikipita na sufuria, si kwa chuki, ila kama watu wanavyonyamaza mbele ya askari aliyevua sare. Nikaanza kupikia chumbani kwenye jiko la mafuta ya taa, na kula nimekaa kitandani, sahani magotini, nikisikia vicheko vya uwani kupitia dirishani. Sima na mchicha wa nazi ni chakula cha kuzungukwa na watu. Ukikila peke yako huwa kingi hata kikiwa kidogo.

Kazini hakukuwa na tofauti kubwa. Makarani walikuwa pamoja miaka mingi, walihudhuriana harusi na matanga, na mzaha wao ulikuwa umefupishwa sana kiasi kwamba mtu akitaja neno moja tu wote huangua kicheko, nami huwa nimesimama mlangoni sijui kama nicheke. Chumba cha wakalimani kilikuwa nyuma kabisa, zamani kilikuwa stoo, na dirisha lake moja lilitazama mahali gari la polisi lilipokuwa likiteremsha mahabusu. Kulikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya Bi Rukia, mkalimani wa Kiarabu na Kisomali, mwanamke wa mji wa kale, mrefu, mkavu wa mwili na wa maneno. Aliingia, akatundika buibui lake msumarini, akafungua chupa ya chai na kunywa polepole, macho dirishani. "Shikamoo, Bi Rukia." "Marahaba." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Yakizidi hapo, yalikuwa masahihisho. "Sidi, mtu haji na miguu. Huja kwa miguu." Au, "Leo mbele ya hakimu umesema 'hiyo watu'. Watu ni hao." Aliyasema bila kunitazama, nami nilitoka nikasimama nyuma ya jengo mpaka uso upoe. Siku moja nikiwa pale nyuma nilimsikia dirishani akimwambia karani mkuu, Bwana Kenga, "Mtoto yule hatamaliza mwaka. Anakula amegeukia ukuta." Nililishika la kwanza, likaniuma wiki nzima. La pili sikulitia maanani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu hawezi kujua umegeukia wapi unapokula mpaka awe amekutazama.

Kazi yenyewe nilifunzwa na Bwana Kenga, kwa maneno machache, siku niliyoapishwa. "Shahidi akisema 'nilimpiga', usiseme 'anasema alimpiga'. Sema 'nilimpiga'. Pale wewe hupo." Nilidhani ni jambo jepesi. Shahidi husema mino kwa Kigiriama, nami nasema mimi kwa Kiswahili, basi. Asubuhi nilikuwa mwizi wa mbuzi, kabla ya chakula cha mchana nikawa mjane, alasiri nikawa baba anayemkana mtoto wake. Nilikana, nikaapa, nikaomba msamaha, yote kwa mdomo wangu, kisha nikafunga mlango wa chumba cha wakalimani nikaenda Maweni nikiwa nimesema kutwa na sikuwa nimesema na mtu. Jioni moja nilimsalimia mama muuza viazi vya karai, nikashtuka kuisikia sauti yangu. Watu hudhani upweke ni kukosa watu. Mimi nilikuwa na watu wengi mno siku zile, wote ndani ya kinywa changu, na hakuna hata mmoja aliyejua jina langu.

Mvua za masika zilipokwisha, ililetwa kesi ya hawe. Hawe kwetu Wagiriama ni bibi, na mimi nitamwita hivyo tu. Alikuwa mwanamke mzee kutoka mashamba ya nyuma ya Ganda, na walioshtakiwa kwa kumjeruhi walikuwa watoto wa marehemu dadake, aliowalea yeye mwenyewe. Walikuwa wakidai ni mchawi. Kila mtu mle ndani alijua kwamba nyuma ya neno hilo kulikuwa na shamba. Hawe aliingia akisaidiwa na askari wa kike, mkono mmoja umefungwa kitambaa, akanitafuta kwa macho aliposikia lugha yake, akatabasamu kama mtu aliyekuta jamaa yake ugenini. Alisema kwa sauti ndogo, bila haraka. "Yule mkubwa, mino ndiye niliyemfunza kutembea." Nikasema, "Yule mkubwa, mimi ndiye niliyemfunza kutembea." Akasema, "Siku ile alikuja na panga. Nikadhani amekuja kunikatia kuni." Nikalisema na hilo. Akasema, "Nikamwambia, ngoja kwanza unywe uji, uko motoni." Nikafungua mdomo na sauti haikutoka.

Nakumbuka feni ya darini ikilia. Hakimu akainua kichwa. "Mkalimani?" Nikajaribu tena. Hawe akanitazama kwa huruma, akadhani sikusikia, akalirudia taratibu kama unavyomrudia mtoto. "Nilimwambia uji uko motoni." Watu wakageuka kunitazama. Kizimbani yule mkubwa alikuwa ameinamisha uso. Hakimu hakunikemea. Alisema kesi itasimama kwa muda, akatoka, nami nikapita katikati ya mabenchi yale mpaka chumba cha wakalimani.

Bi Rukia alinikuta chumbani nimeketi. Akafunga mlango. Nilingoja aniambie pole, au aniambie kwamba nimeiaibisha kazi, na nilikuwa tayari kwa lolote katika hayo mawili. Akamimina chai. "Kunywa."

"Siwezi, Bi Rukia."

"Sikukuuliza kama unaweza." Akangoja mpaka nimeshika kikombe. "Leo utapika nini?"

Nilidhani ananidhihaki. Nikasema sijui.

"Una nini chumbani?"

"Dagaa."

"Wa nazi au wa kukaanga?"

"Wa kukaanga."

"Nyanya unatia mwanzo au mwisho?"

Nikamwambia mwisho. Akasema nakosea, nyanya hutiwa mwanzo, zikaiva mpaka zikapotea. Nikasema kwetu hutiwa mwisho, ndivyo mama alivyonifunza. Akasema basi mama yangu dagaa hawajui. Nilikasirika. Nikamtetea mama yangu kwa maneno mengi, nikaeleza jinsi dagaa wanavyolainika nyanya zikitiwa mapema, hata nikapandisha sauti, na katikati ya kupandisha sauti nikagundua kwamba ninasema. Bi Rukia alikuwa amekaa ukingoni mwa meza yake akinitazama, kwa mara ya kwanza, moja kwa moja usoni.

"Haya," akasema. "Hayo ni maneno yako. Umerudi. Sasa twende ukamalizie ya yule mama, maana hana mwingine."

Sijui alimwambia nini hakimu alipopita ofisini kwake. Najua tu kwamba tuliporudi niliruhusiwa kuomba mapumziko, jambo ambalo sikujua laweza kuombwa, na kwamba Bi Rukia alikaa benchi la mbele, nyuma yangu kabisa, ingawa hakuwa na kesi pale na Kigiriama hakukijua. Alikaa mpaka mwisho. Kila sauti yangu ilipotetemeka nilisikia bangili zake zikigongana, nikajua yupo. Nilimaliza. Wale ndugu walikutwa na hatia baadaye. Hawe hakurudi shambani. Niliambiwa alikwenda kukaa kwa binti yake Marereni, kwenye vyumba vya wafanyakazi wa mashamba ya chumvi, mahali ambapo hapaoti hata mchicha. Sikumwona tena. Uji ule mimi nilikuwa nao mdomoni miaka mingi.

Tangu siku ile tulikula pamoja. Hakuna aliyelisema, Bi Rukia alisukuma meza yake tu ikagusana na yangu, akaweka bakuli katikati. Yeye alileta wali wa nazi na samaki wa kupaka, mimi nikaleta sima, akaila kwa uangalifu kama mgeni anayechelea kuwaudhi wenyeji. Ramadhani ilipoingia nilianza kwenda kula nyuma ya jengo, akanifuata. "Rudi ndani. Saumu ni yangu, njaa ni yako." Akakaa nami akiwa amefunga, nikala, akaniuliza nimepika vipi. Baada ya kila kesi nzito mmoja wetu alimwuliza mwenziwe swali lile lile la jikoni, na mwingine akajibu hata kama hakutaka. Aliendelea kunisahihisha, ila sasa alinieleza kwa nini. Akanitaka nimfunze Kigiriama. Hakuwa na kipaji nacho hata kidogo, na alipojaribu kuniamkia kwa lugha yangu nilicheka mpaka Bwana Kenga akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Lakini nisiseme uongo: hayo hayakuniondolea upweke. Saa za kazi zilipokwisha alivaa buibui lake akaenda kwa wanawe, na mimi nikarudi Maweni kwenye jiko langu la mafuta ya taa. Mwaka ule mzima hakunialika kwake, wala sikujipa ujasiri wa kumwalika. Kuna mapenzi yanayoishia mlangoni mwa ofisi, na kijana hudhani kwa hivyo ni madogo.

Karibu na mwisho wa mwaka zamu yake ikafika. Kulikuwa na kesi ya nyumba baina ya ndugu wawili wafanyabiashara, na shahidi mmoja mzee alitoa ushahidi kwa Kiarabu. Bi Rukia akafasiri kwamba marehemu baba yao "alimwachia" mdogo nyumba ile, maana yake aiangalie tu, si iwe yake. Wakili wa mdogo akasimama na kudai shahidi alisema "alimpa", na kwamba mkalimani amelipindua neno kwa kuwa ni jirani wa kaka mtu. Alilisema waziwazi, watu wamejaa. Ilibidi aitwe mkalimani mwingine kutoka Mombasa aje asikilize kanda za ushahidi, na kwa muda huo Bi Rukia akaondolewa kwenye kesi zote. Aliendelea kuja kila asubuhi, akatundika buibui, akakaa. Makarani aliofanya nao kazi nusu ya umri wake waliacha kupita kwenye chumba chetu. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia kwa mbali, wakawa na haraka. Niliijua haraka ile. Niliiona kila siku uwani kwa Mama Fatma.

Bwana Kenga aliniita kando. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani aliamini ananisaidia. "Sidi, wewe bado hujathibitishwa kazini," akasema. "Jambo hili likienda vibaya litawagusa walio karibu. Kuna nafasi chumba cha makarani. Hamisha meza yako kwa muda, mpaka mambo yatulie. Hata yeye ataelewa."

"Ndiyo, Bwana Kenga," nikasema, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kumjibu, na nikarudi chumbani nikiwa na hofu ya kweli. Kazi ile ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho. Kiarabu sikukijua, sikuweza kusema kama neno lilikuwa hili au lile. Nisingeweza kumtetea mbele ya yeyote. Bi Rukia alikuwa ameshafungua bakuli lake ila hakula. Aliniambia bila kugeuka, "Kenga amekwambia uhame. Hama. Nitakusaidia kubeba meza."

Nikakaa. Nikatoa sima yangu, nikaimega, nikamsogezea. "Leo utapika nini?" nikamwuliza.

Alitazama dirishani. Nje gari la polisi lilikuja, likateremsha watu, likaondoka. Kisha akasema, "Hamu ya kupika sina, mwanangu. Siku kadhaa sasa Nafisa ndiye anayepika, anaunguza." Hapo akachukua tonge la sima akalitia mdomoni ili asiendelee. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Sikuhamisha meza. Bwana Kenga hakuniuliza tena, na kwa wiki zile tulikuwa wawili mle ndani kama wagonjwa waliotengwa, tukila, tukibishana juu ya tui la kwanza na tui la pili, tukinyamaza zaidi kuliko tulivyosema.

Mkalimani wa Mombasa alikuja, akasikiliza, akasema neno lilikuwa "alimwachia", kama Bi Rukia alivyofasiri. Yule wakili alikubali kwa sentensi moja na kuendelea na hoja nyingine. Hakuna aliyeomba radhi. Makarani wakaanza tena kupita chumbani kwetu, wakiwa na maandazi na mzaha wao mfupi, na Bi Rukia aliwapokea kwa heshima na hakucheka nao tena. Nilidhani ushindi ungemrudisha alivyokuwa. Sasa nimekuwa mtu mzima naona kwamba jina la mtu wa kazi yetu ni kama tui: likishakatika, hata ulikoroge vipi, halirudi kuwa moja. Mimi nilithibitishwa kazini, na muda si mrefu nikahamishiwa Kilifi. Siku ya kuondoka alikuwa mahakamani akifasiri. Tuliagana kwa macho, yeye akiwa katikati ya sentensi ya mtu mwingine.

Kutoka hapo urafiki wetu ukawa wa simu. Nilipata wenzangu Kilifi, nikajifunza kusukuma meza yangu mimi mwenyewe bila kungoja nisukumiwe, na nikipata kesi iliyonizidi nilimpigia, naye alipokea akaniuliza nimepika nini kabla hata ya kuniamkia. Baada ya kustaafu kwake nilianza kwenda kumwona nyumbani, mara chache kuliko nilivyopaswa. Niliolewa, nikafiwa na mume, watoto wakaenda zao Mombasa na Nairobi, na nyumba yangu ya Kilifi ikarudi kuwa kimya kama chumba kile cha Maweni. Katika miaka hiyo yote yeye tu ndiye aliyejua mimi huwaje ninaponyamaza.

Mara ya mwisho kumwona akiwa hai ilikuwa miezi michache kabla ya kifo chake. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja wa mwili, na ulimi pia. Alikuwa amelazwa chumba cha mbele, kichwa juu ya mito, na nilipomwamkia alianza kusema. Ilikuwa sentensi ndefu, yenye kupanda na kushuka, yenye vituo vyake, mkono mzima ukiisindikiza, na ndani yake hamkuwa na neno hata moja nililoweza kulishika. Nafisa, aliyekuwa amechoka mchoko wa watu wanaouguza, akaniambia kwa upole, "Anasema ahsante kwa kuja." Bi Rukia akasema tena. "Anasema ule kabla hujaenda," akasema Nafisa, akaenda jikoni kunitengea chakula. Bi Rukia akafumba macho. Niliyajua macho yale yakifumbwa hivyo. Ndivyo alivyoyafumba mahakamani kila mtu aliposemewa jambo ambalo hakulisema.

Nikavuta kigoda karibu na kichwa chake. "Bi Rukia," nikamwambia, "sikukuelewa. Sema tena."

Akafumbua macho, akanitazama, akalisema.

"Bado. Tena."

Akalisema tena, polepole zaidi, kwa mahadhi yale yale. Nafisa alileta chakula, akakiona kikipoa, akakifunika. Adhana ya alasiri ilitukuta tungali hapo. Sikulielewa mpaka naondoka, wala sikujifanya nimelielewa. Lakini alilisema lote, kila mara, tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mara nilimngoja amalize.